Tulivyoshinda Mchezo wa Ugavi

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya Mamlaka Kuu ya Ugavi wa Vifaa vya Tiba, nachukua nafasi hii kuutangazia umma kwamba tatizo la hospitali kukosa dawa limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi wenyewe ni mchezo. Wapo wenye midomo mirefu waliokwisha kusema kwamba watu wazima wenye vitambi hawawezi kukaa ukumbini chini ya kiyoyozi, wakasukumiana vikaratasi tangu asubuhi, halafu wakaita hiyo kazi. Hao tunawasamehe. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mimi ndiye Mratibu wa Mafunzo ya Mnyororo wa Ugavi. Cheo hiki hakikuwepo kabla yangu, na kwa jinsi nilivyokitumikia sidhani kama kitakuwepo baada yangu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba habari hii anaipata jikoni, haokotezi barazani.

Nianze na mazingira. Ghala letu kuu na hospitali kubwa ya mji vinatazamana. Katikati kuna barabara moja yenye mashimo, ambayo kuku huivuka bila hata kukimbia. Zamani, kabla ya Mamlaka, dawa ikiisha wodini muuguzi alivuka barabara, akagonga mlango wa ghala, akasema anachotaka, akapewa, akarudi nacho amekikumbatia kifuani. Mambo yalikuwa ya kienyeji namna hiyo. Hapakuwa na mnyororo wowote, palikuwa na mwanamke na boksi lake. Mamlaka ilipoundwa tuliurekebisha utaratibu. Sasa ombi la hospitali huanza kwa msimamizi wa vifaa wa hospitali, huenda ghala la wilaya lililo ng'ambo ya pili ya mji, hupanda ghala kuu, kisha hufika kiwandani. Bidhaa nazo hushuka kwa ngazi hizohizo. Barabara ile ya kuku sasa huchukua majuma kadhaa kuivuka, na kila ngazi inajisikia imeshirikishwa.

Pamoja na mafanikio hayo, hospitali iliendelea kulalamika. Ndipo Mkurugenzi Mkuu alipoagiza tupate mafunzo ya kisasa, nami nikamleta Mkufunzi.

Alikuwa mama mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi jambo moja. Alikuja na sanduku la mbao, akapanga meza nne kwa mstari: ya hospitali, ya ghala la wilaya, ya ghala kuu na ya kiwanda. Kila meza ilipewa vibao vidogo vya mbao kuwa ndiyo bidhaa, na bunda la vikaratasi vya kuandikia maombi. Kila zamu, meza hupokea karatasi kutoka meza ya chini yake, hutoa vibao, kisha huandika ombi lake kwenda meza ya juu. Vibao ulivyoomba havifiki papo hapo, husubiri zamu kadhaa njiani. Na sharti kubwa ni moja: hakuna kusemezana.

"Chagueni bidhaa ya kuchezea," alisema Mkufunzi.

"Magongo," alisema Mkurugenzi Mkuu. "Yale ya kutembelea wagonjwa. Gongo ni kitu ambacho hata Waziri anakielewa."

Tukacheza magongo. Mkurugenzi Mkuu aliketi meza ya ghala kuu, kwa kuwa ndiyo yenye kiti cha mikono. Mwanasheria wa Mamlaka alikaa kiwandani. Zamu za mwanzo zilikwenda vizuri. Halafu meza ya hospitali ikaomba magongo zaidi kidogo, basi, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi kwa sababu ya mgeni mmoja. Ghala la wilaya likaingiwa na wasiwasi, likaomba yale na ya akiba. Mkurugenzi Mkuu akaona karatasi ile, akakunja uso, akaomba yale, na akiba, na akiba ya akiba. Mwanasheria akazalisha kama mwendawazimu. Kufika saa ya chai, meza ya Mkurugenzi Mkuu ilikuwa imejaa vibao mpaka vinadondoka sakafuni, na meza ya hospitali haikuwa na hata kimoja, maana kila mtu alikuwa amejishikia vyake.

Mkufunzi akasimamisha mchezo. Kwa mara ya kwanza alitabasamu.

"Haya ndugu zangu, mmeona? Mgonjwa ameongezeka kidogo tu, lakini kila meza imeongeza ya kwake kwa hofu, kwa sababu hakuna anayejua mwenzake anafanya nini. Mchezo huu umetengenezwa ili mshindwe. Sasa tukae tujadili kwa nini mmeshindwa."

Mkurugenzi Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani ameshindwa?"

"Wote, mheshimiwa. Ndiyo somo lenyewe."

"Mama, mimi ni Mkurugenzi Mkuu. Nani amekupa kibali cha kuniletea hapa mchezo wa kushindwa?"

"Kila anayeucheza hushindwa, mheshimiwa. Hata maprofesa. Ukiwaruhusu watu waulizane, mambo yananyooka. Ndiyo maana kuna lile sharti la kunyamaza, ili muone ubaya wake."

"Hebu tazama meza yangu," alisema Mkurugenzi Mkuu taratibu. "Imejaa, haijajaa?"

"Imejaa."

"Tazama na ile ya hospitali. Ina nini?"

"Haina kitu."

"Sasa hapo nani ameshindwa?"

Sote tulizigeukia meza zile mbili, na kusema kweli ushahidi ulikuwa mzito. Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Mkufunzi alifungua kinywa, lakini Mwanasheria alikwisha kusimama na kutoa pendekezo kwamba, kwa kuwa tumeshinda, tutafute siri ya ushindi ili tuieneze. Pakafanyika tafakari. Ikabainika kwamba kitu pekee tulichokifanya siku ile ambacho hatukuwahi kukifanya katika historia ya Mamlaka ni kunyamaza.

Ndivyo ulivyozaliwa Waraka wa Ukimya. Niliuandika mimi mwenyewe, na Kiswahili chake kimesifiwa. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, mtumishi wa ngazi moja ya mnyororo hatasemezana na mtumishi wa ngazi nyingine, si kwa mdomo, si kwa simu, si kwa kukonyeza. Mawasiliano yote yatakuwa kwa vikaratasi, vikipita meza kwa meza bila kuruka. Ngazi yenye shehena kubwa zaidi itatunukiwa Kombe la Ugavi Bora na Waziri. Waraka utatenguliwa na Mkurugenzi Mkuu peke yake.

Mkufunzi alinikuta kwenye ngazi za jengo akiondoka. Sanduku lake tulilibakiza, kwa vile lilikwisha kuwa nyenzo ya kitaifa.

"Kaka," aliniambia, "kisu hiki mmekishika kwenye makali."

Nilimwelekeza dirisha la nauli.

Waraka ulianza kuzaa matunda upesi. Mwezi ule madereva na wauguzi walikuwa wamecheza mpira wa kirafiki, na kwa kuwa madereva hawajui kucheza na wauguzi hawajui kusamehe, hospitali ikapata majeruhi wachache. Ikaomba magongo machache ya ziada. Karatasi ilipanda. Ghala la wilaya halikuweza kuuliza kulikoni, likadhani kuna maafa, likaongeza. Ghala kuu likadhani ghala la wilaya linajua jambo, likaongeza. Kiwanda kikaajiri vibarua, kikakata miti yote ya uani kwake.

Magongo yakaja. Yalikuja kwa malori, yakajaa ghala mpaka darini, yakatoka nje, yakaingia kwenye ofisi ya uhasibu, yakaingia kwenye choo cha wakubwa, ikawa mtu anayekwenda haja anapita ubavuubavu. Mkurugenzi Mkuu alipita kila asubuhi akiyapapasa kama mfugaji anavyopapasa ng'ombe wake. Kombe lilikuwa letu, hilo halikuhitaji mganga.

Nidhamu nayo ilipanda. Mhasibu wa ghala la wilaya, aliyekuja kuleta hesabu, alikutana na Mkurugenzi Mkuu mlangoni. Mkurugenzi Mkuu akamwambia, "Habari za asubuhi?" Yule bwana, kwa malezi ya kizamani, akaitikia, "Nzuri, mheshimiwa." Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Ulikuwa mtego wa kupima uelewa. Baada ya hapo Mkurugenzi Mkuu alitusalimia sana, na sote tulipita tukitazama viatu vyetu.

Sasa nieleze habari ya dada yangu, kwa sababu wapinzani wetu wameipotosha.

Dada yangu ni muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji cha hospitali ile. Ndiye aliyenilea, na hilo amelifanya kuwa hoja katika kila mjadala. Jumapili moja alikuja nyumbani kwangu na sare yake ya kazi, akakaa sebuleni, akakataa hata maji.

"Dawa ya usingizi imebaki chupa moja," alisema. "Moja. Ya mtu mmoja. Nimeifungia kabatini kwa ajili ya atakayekuja anakufa. Wengine wote nawarudisha kitandani."

Nilimwonyesha kwa ishara kwamba yeye ni mtumiaji wa mwisho na mimi ni wa makao makuu.

"Usinifanyie bubu hapa! Unamjua aliyelala kitanda cha kwanza? Fundi wa cherehani. Huyuhuyu wa hapo kona, aliyekushonea suti ya harusi kwa mkopo na mpaka leo hajakudai. Ana ngiri. Nimemwahirisha mpaka naona haya kupita karibu yake. Siku ikimkaba, ni hesabu ya saa tu."

Mke wangu alitoka jikoni akifuta mikono. "Baba watoto, mjibu dada yako."

Kwa kuwa sebule si ngazi ya mnyororo, nilijipa ruhusa ya muda. Nikamweleza dada kwa upole kwamba dawa yake haijapotea. Imekwisha kufika. Iko kwenye lori lenye jokofu, langoni pa ghala kuu.

"Najua iko langoni!" Dada alisimama. "Naliona lori kwa dirisha langu! Limeandikwa ubavuni DAWA ZA USINGIZI kwa herufi kubwa kama mlango! Nimevuka barabara, nimemwomba dereva. Amefunga kioo."

"Alifanya vyema. Dawa lazima iingizwe ghalani kwanza, ndipo itoke."

"Basi iingizeni."

"Ghala limejaa."

"Limejaa nini?"

Swali hilo lilikuwa la kiufundi. Nilimshauri aandike karatasi, aiwasilishe meza ya kwanza, nami nitaipokea ikinifikia. Dada alinitazama kama alivyonitazama utotoni nilipokojoa kitandani nikasema ni mvua.

"Mdogo wangu," alisema akichukua mkoba wake, "mimi nilikufundisha kusema. Nilipoteza muda wangu."

Nitasema wazi kwamba maneno yale yaliniuma. Usiku ule sikula. Fundi yule alikuwa mtu wa watu, mwenye tabia ya kukupima kwa macho tu na kukuambia umeongezeka wapi, na nilimwonea huruma ya dhati. Lakini huruma haina meza katika mnyororo wa ugavi, kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kazini kama kawaida. Lori lilikuwepo. Dereva alikuwa ameegemea usukani akitafuna karanga, maana kila siku anayokaa langoni ni siku ya posho, na sijawahi kuona mtu aliyeupenda Waraka kwa moyo mweupe kuliko yeye.

Ikafika siku ya Kombe.

Waziri alikuja na msafara. Ghala lilipambwa vitambaa, na mbele ya mlima wa magongo paliwekwa zulia. Hotuba ya Mkurugenzi Mkuu ilikuwa nzuri, niliiandika mimi. Alisema nchi nyingine zinacheza michezo ya kuigiza ugavi darasani kisha zinarudi kwenye ugavi wenyewe, kumbe hiyo ni kupoteza wakati, sisi tumeuondoa ugavi na kubakiza mchezo. Waziri akapiga makofi. Akakabidhi Kombe. Mpiga picha akaomba Mkurugenzi Mkuu ashike Kombe mkono mmoja na gongo mkono wa pili.

Mkurugenzi Mkuu akageuka, akachagua gongo alilolipenda. Lilikuwa la chini kabisa.

Mtunza ghala wa wilaya, mwalikwa aliyesimama kando, aliona mlima unaanza kusogea. Kwa kuwa yeye ni ngazi ya chini na amesoma Waraka, alitoa kalamu mfukoni, akatafuta karatasi, akaanza kuandika. Alikuwa mtu mwenye hati nzuri na hapendi kuharakishwa. Alikuwa amefika kwenye "Mheshimiwa, naomba kukufahamisha kwamba" wakati magongo yalipoporomoka.

Vumbi lilipotulia, Waziri alikuwa tayari ndani ya gari lake, na gari lilikuwa tayari kona ya pili. Kombe lilikuwa limebonyea. Mkurugenzi Mkuu alikuwa chini, mguu wake wa kulia umeelekea upande ambao miguu haielekei.

Tuling'oa mlango wa choo cha wakubwa, tukamlaza juu yake, tukavuka naye barabara. Ilituchukua dakika chache tu, na naamini hakuna shehena ya Mamlaka iliyowahi kufika hospitali haraka hivyo.

Kwenye ukumbi wa chumba cha upasuaji tulikuta kitanda cha magurudumu kinaingizwa ndani. Juu yake alilala fundi wa cherehani, uso wa rangi ya jivu, meno yameumana. Ngiri ilikuwa imemkaba asubuhi ile. Dada yangu alikuwa anasukuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika chupa ndogo ya kioo.

Mkurugenzi Mkuu aliiona chupa.

"Hiyo ni ya usingizi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nipeni."

"Ni ya fundi."

"Fundi gani?"

"Wa cherehani."

"Mtoeni nje! Mnajua mimi ni nani?"

Daktari wa upasuaji, kijana mrefu asiyelala vya kutosha, aliinama akamtazama mguu, kisha akasimama wima.

"Tunakujua, mzee. Lakini utumbo wa huyu umenasa. Tukimwacha, jioni yuko mochwari. Mguu wako unauma, hauui. Subiri zamu."

Mlango ukafungwa. Nakiri kwamba pale moyo wangu ulifurahi, tena ulifurahi kwa kelele, hadi nikaukemea kiutumishi.

Mkurugenzi Mkuu akabaki ukumbini, amelala juu ya mlango wa choo, watendaji wake wote wamemzunguka kwa heshima. Maumivu yalikuwa yakija kwa mawimbi. Akatugeukia.

"Dawa si iko langoni? Lile lori! Nendeni mkailete!"

Hakuna aliyesogea. Tulitazama viatu vyetu.

"Nasema nendeni! Hamnisikii?"

Tulimsikia sana. Lakini kila mmoja alikuwa anamkumbuka mhasibu. Mtego wa asubuhi njema ulikuwa mdogo, huu wa kuvunjika mguu ulikuwa mkubwa zaidi, na mtu mwenye watoto shuleni hawezi kubahatisha. Mwanasheria, kwa ujasiri ambao nitaukumbuka, alitoa karatasi, akaandika, akaiweka kifuani pa Mkurugenzi Mkuu. Iliuliza kama tamko lake la mdomo linaweza kutafsiriwa kuwa ni kutengua Waraka, na kama ndivyo, apendekeze tarehe ya kuugonga muhuri.

"Muhuri uko ofisini!" alifoka Mkurugenzi Mkuu.

Mwanasheria aliandika tena. Ofisi imezibwa na magongo.

Mkurugenzi Mkuu akanyang'anya kalamu. Akaandika ombi la dawa ya usingizi, chupa moja, haraka sana. Akanikabidhi mimi. Nililipokea kwa mikono miwili, nikalipeleka moja kwa moja meza ya kwanza, kwa msimamizi wa vifaa wa hospitali, kama utaratibu unavyotaka. Mwenye meza alikuwa amekwenda kula, nami nikamngoja zaidi ya saa nzima bila kumwona. Nikaliweka juu ya mafungu ya maombi ya dada yangu, kisha, nikifikiria haki, nikalitoa nikaliweka chini yake.

Niliporudi, kitanda cha magurudumu kilikuwa kinatoka. Fundi alikuwa amelala, anapumua vizuri, na rangi yake imeanza kurudi. Dada yangu alikuwa anajifuta jasho kwa kiwiko. Alipita mbele yangu bila kunisemesha, akakiegesha kitanda ukutani hatua chache kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu, maana wodini hapakuwa na nafasi.

Daktari akaja, akaugusa mguu wa Mkurugenzi Mkuu, akabonyeza vidole vyake. Vilikuwa vimeanza kuwa baridi.

"Damu haifiki," alisema. "Siwezi kungoja. Lazima niunyooshe sasa hivi."

"Na dawa?"

"Ombi lako liko wapi?"

Macho yote yakaja kwangu. Nikaonyesha kwa kidole kule kwenye meza ya kwanza.

"Basi mshikeni," alisema daktari.

Tukamshika. Mwanasheria mkono wa kulia, mtunza ghala mkono wa kushoto, mtu wa kiwanda, naye mwalikwa wa siku ile, kiuno, na mimi kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza ngazi zote za mnyororo kufanya kazi pamoja kwa wakati mmoja, na kusema kweli tuliiweza. Daktari akavuta.

Sauti iliyomtoka Mkurugenzi Mkuu siwezi kuiandika kwa lugha ya kiofisi. Ilianza kama mluzi, ikawa honi, kisha ikapata maneno. "Leteni dawa! Nasema leteni! Mimi ndiye nasema! Semeni nyote! Waraka ufe, leteni dawa!" Ilipita madirishani, ikavuka barabara, kuku wakatawanyika, ikaingia kwenye lori lenye jokofu kupitia kioo kilichofungwa.

Daktari alikuwa anamalizia kufunga mbao za kunyooshea mguu wakati dereva alipotokea mlangoni, boksi begani, maganda ya karanga shatini.

"Nimemsikia bosi," alisema. "Sauti yake naijua. Bosi mwenyewe amesema, basi kusema kumeruhusiwa. Niliweke wapi?"

Mkurugenzi Mkuu alimtazama, jasho linamchuruzika masikioni. Dada yangu alilipokea lile boksi, akalifungua, akahesabu chupa kwa macho, akalisukuma kabatini akageuza ufunguo.

"Mguu umeshanyooka," alimwambia dereva. "Lakini wa kitanda cha pili na cha tatu watashukuru."

Hapo fundi wa cherehani akafumbua macho. Alitazama dari, akatazama watu wenye suti waliojaa ukumbini, akalamba midomo mikavu.

"Dada," aliuliza kwa sauti ndogo, "nimesikia mtu analia. Nani yule aliyekuwa analia vile?"

Dada yangu alimfunika shuka vizuri mpaka mabegani.

"Lala, fundi," alisema. "Hakuna aliyelia. Lilikuwa ombi la dawa tu, linapita mezani."